Kinyaa si Hoja

Mimi ni mla senene. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji ajue anazungumza na nani. Nimezaliwa Bukoba, ambako ikifika Novemba watu hukesha wakitazama taa. Senene huja kwa makundi wakati wa mvua za vuli, na tena, kwa uchache, wakati wa masika. Hukamatwa, hunyofolewa mbawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, maana wanayo ya kutosha. Huongezwa chumvi, na anayependa huongeza kitunguu. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa senene mkavu ni protini. Huyo ndiye mdudu ninayeshitakiwa kwa ajili yake.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha mbali na nyumbani, na mashitaka hayo nimeyasikia kwa kila lafudhi. "Hivi ninyi mnakula wadudu?" Swali hilo haliulizwi ili lijibiwe. Huulizwa kwa kukunja pua, mbele ya watu, ili wacheke. Sigombani na mtu anayekataa kula senene. Tumbo ni lake. Ninagombana na yule anayekitwaa kinyaa chake akakifanya hukumu juu ya akili, usafi na utu wa mwenzake.

Hebu tuanze na kinyaa chenyewe. Hakuna anayezaliwa nacho kwa kitu fulani. Mtoto wa mwaka mmoja hutia mdomoni udongo, sisimizi na kiatu cha baba yake. Mama ndiye anayemwambia, "Tema, chafu hiyo!" Anachoambiwa ateme Masasi si kile anachoambiwa ateme Moshi. Kwa hiyo anayesema, "Siwezi kula kile, nitatapika," anasema kweli, lakini ukweli huo unatueleza alikolelewa tu. Juu ya chakula chenyewe hautuelezi lolote.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja kazini, Dar es Salaam, mtu mwema katika mambo mengine. Nilipofungua kopo langu la senene saa nne za asubuhi alisimama akahama meza, akatangaza kwamba ofisi imevamiwa na nzige. Mchana wa siku hiyohiyo alikuwa akimenya kamba kwa vidole, akifyonza na vichwa vyao. Kamba ana maganda badala ya ngozi, miguu mingi iliyoungwa vipandevipande, na papasi ndefu kichwani. Wataalamu wa viumbe wanamweka yeye na panzi katika kundi kubwa moja, na madaktari huwaonya watu wanaodhurika kwa kula kamba kwamba wadudu nao wanaweza kuwadhuru vilevile. Mwili unautambua udugu huo, isipokuwa meza ya mwenzangu. Tofauti ni kwamba mmoja anaishi majini na bei yake ni kubwa. Nyani haoni kundule.

Na tukienda kwa mtindo huo, nani atabaki? Kilimanjaro kuna kisusio, mchuzi wenye damu ya mbuzi. Mmaasai wa jadi hunywa damu na maziwa, lakini samaki humwona kama mimi ninavyomwona nyoka. Pwani wanakula pweza, ambaye kwa mtu wa bara ni mkoba wenye mikono minane. Magharibi mwa Kenya kumbikumbi wanaotoka ardhini baada ya mvua ni kitoweo cha heshima. Ufaransa wanakula konokono, na chaza wanammeza akiwa bado hai. Jibini lenye ukungu wa buluu huuzwa ghali kwa sababu ya ukungu uleule ambao sisi tungelitupia chakula jalalani. Asali, ambayo wote tunaisifu, imepita kwanza katika tumbo la nyuki. Ukifanya kinyaa kuwa sheria, dunia nzima itafunga.

Wengine hukimbilia dini. Nawaheshimu wanaofuata katazo la dini yao, kwa kuwa katazo ni ahadi ya mtu na Mungu wake. Lakini asiyejua asisingizie. Sheria za chakula katika kitabu cha Walawi, sura ya 11, zinataja aina za nzige zinazoruhusiwa kuliwa. Yohana Mbatizaji aliishi nyikani kwa nzige na asali. Katika Uislamu nzige ni halali, tena hahitaji kuchinjwa, kama samaki. Anayemtukana mla nzige kwa jina la dini aanze kwanza kuisoma.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani nabishana juu ya utani. Hapana. Dhihaka hii ina gharama, na wanaoilipa mara nyingi ni maskini.

Kazi ilinifikisha kusini, mkoa wa Mtwara, vijijini. Huko panya wa shambani ni kitoweo cha zamani. Wengi humwita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Baada ya mavuno watu hufukua mashimo yake, humbabua manyoya motoni, humtoa matumbo, humchemsha kwa chumvi na kumkausha. Mama mmoja alitukaribisha ugali kwa kitoweo hicho. Nilikula, na nasema bila kumbembeleza mtu kwamba kilikuwa kitamu. Wenzangu wawili hawakula. Hiyo ilikuwa haki yao. Lakini mmoja alitoka nje akitema mate, na njiani kurudi walicheka hadi Mtwara mjini, na kesho yake habari ilikuwa imeenea. Tulipokwenda tena miezi miwili baadaye, mama yule alitupikia kuku. Hakututazama usoni. Watoto wake walisimama mlangoni wakihesabu vipande, na mdogo wao akasema kwa sauti kwamba huyo ndiye kuku aliyekuwa akitaga.

Kicheko cha watu wawili kilikuwa kimemfundisha mwanamke kwamba alichonacho ni aibu, na kwamba heshima yake itanunuliwa kwa kuchinja mayai ya watoto wake. Zidisha hilo kwa kila kijiji ambako mgeni wa mjini amekunja pua. Zidisha kwa kila mtoto wa bweni aliyeficha kopo la nyumbani chini ya kitanda. Ndivyo watu wanavyoacha chakula kinachowafaa, wasipate kingine badala yake, kisha tunakuja na semina za utapiamlo.

Nitajibiwa kwamba vyakula vingine ni vya hatari, na hapo nakubali kusikiliza, kwa sababu afya ni hoja. Panya anaweza kubeba viroboto wa tauni. Watu wa Lushoto waliteseka nayo tangu mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Mdudu aliyeokotwa kwenye shamba lililopuliziwa dawa anaweza kuwa na sumu. Mizoga ya porini isiguswe kabisa. Mambo hayo yasemwe, tena yasemwe kwa makini: chakula gani, kimetoka wapi, kimepikwaje. Lakini anayejali afya ya mwenzake huketi akamwonya. Hatemi mate mlangoni.

Na angalieni unafiki wenyewe. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa likikadiria kwamba watu bilioni 2 duniani wana wadudu katika chakula chao cha desturi, na kwamba aina zaidi ya 1,900 zimewahi kuliwa. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliidhinisha funza wakavu na nzige kuuzwa kama chakula. Nyenje wakafuata mwaka 2022. Wanaitwa "chakula kipya." Kipya kwa nani? Nami naiona siku inakuja ambapo unga wa nyenje utapangwa kwenye rafu za maduka makubwa ya Dar es Salaam, ndani ya pakiti inayong'aa yenye maandishi ya kigeni, na mwenzangu wa kamba ataununua na kutueleza faida zake. Kumbe tatizo halikuwa mdudu. Tatizo lilikuwa mkono uliomkaanga.

Buganda wana mfano ninaoupenda. Huko mwezi wa Novemba umepewa jina la senene, na upo ukoo unaoitwa kwa jina lake. Watu wa ukoo huo, kwa mila, hawamli, maana ndiye mwiko wao. Majirani zao wanamla kwa furaha. Sijasikia kwamba wenye mwiko wamewahi kudai majirani wanyang'anywe vikaango. Mwiko wao wanaubeba wenyewe, hawamtwishi mtu mwingine.

Hicho ndicho ninachodai, na si kikubwa. Simlazimishi mtu kuonja. Ukiandaliwa usichokizoea, kuna maneno matatu mazuri ya Kiswahili: "Asante, mimi sili." Yaseme kwa sauti ya kawaida, chukua maji yako, endelea na mazungumzo. Uso wako ukitaka kukunjamana, uzuie, kama unavyozuia ulimi mbele ya wakwe. Na ukishindwa kabisa kuuzuia, angalau subiri mwenyeji na watoto wake wasiwepo.