Breki Kabla ya Injini

Datsun 240Z, gari la michezo la Japani lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, linastahili kurudishwa barabarani badala ya kuachwa lioze chini ya turubai. Hata hivyo, wengi wanaolifufua baada ya kuegeshwa miaka mingi huanzia pasipostahili: hufunga betri mpya, huzungusha selfu, na kuupokea mngurumo wa silinda 6 kama ushahidi kwamba gari limepona. Ushahidi huo ni wa hatari.

Kinachoharibika kimyakimya ni breki. Mafuta ya breki, yaani kimiminika kinachofikisha msukumo wa kanyagio kwenye magurudumu, hufyonza unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishaingiwa na maji ya asilimia chache tu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na kwa kuwa mvuke hubonyea, kanyagio huzama sakafuni gari lisisimame. Maji hayohayo hula chuma kwa ndani, hata pistoni za breki za diski za mbele na silinda ndogo zilizomo katika ngoma za nyuma zikashikwa na kutu, ilhali mabomba ya mpira huvimba ndani na kuziba njia ingawa kwa nje yanaonekana mazima. Kubadilisha mafuta peke yake hakutoshi: mfumo mzima ufunguliwe na mipira yote iwekwe mipya, na gharama hiyo isionewe uchungu.

Petroli iliyolala nayo huacha utando unaonata, ambao huziba matundu membamba ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa; tangi na kabureta zote mbili zisafishwe. Ndipo plagi zifunguliwe, oili kidogo itiwe katika kila silinda, na injini izungushwe polepole kwa spana, kwani ringi za pistoni zilizoganda zikilazimishwa na selfu huweza kuvunjika.

Yabaki matairi. Tairi lisilo kipara huwadanganya wengi, kumbe umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu 4, mbili za mwanzo zikitaja wiki na mbili za mwisho mwaka. Zikiwa 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai hata kulifikisha gari gereji.