Upana wa Njia Si Wepesi wa Safari

Msomaji, wako watu wasemao kwamba kompyuta itumiwayo kwa mbali ikikawia, dawa yake ni moja tu: kununua njia pana zaidi ya intaneti. Neno hili limeenea katika shule na ofisi, na fedha ambazo zingenunua vitabu hutumika kwa ajili yake. Walakini si neno la kweli, na yafaa likanushwe.

Fikiri kwanza kazi yenyewe. Katika matumizi ya namna hii, kioo kilicho mbele yako hakifanyi hesabu yo yote. Ubonyezapo herufi, habari yake husafiri mpaka kompyuta iliyo mbali. Huko kazi hutendwa, kisha picha ya matokeo hurudi kwako. Herufi moja ni mzigo mdogo sana. Mjumbe achukuaye barua moja hafiki upesi zaidi kwa sababu barabara imepanuliwa.

Tazama hesabu. Kabla nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo juu ya dunia kadiri ya kilomita 36,000. Herufi ilipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka: jumla kilomita 144,000. Nuru yenyewe, ikimbiayo kilomita 300,000 kwa sekunde, huimaliza safari hiyo kwa karibu nusu sekunde. Hata upana ungalizidishwa mara mia, nusu sekunde ile isingalipungua.

Mpinzani atauliza, “Na picha je?” Sikatai kwamba picha huhitaji upana. Kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta zaidi ya milioni 2. Lakini kwa sababu hiyo itifaki kama VNC na RDP hupeleka sehemu iliyobadilika tu, wala si kioo kizima kila mara. Na itifaki ya X, iliyozaliwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, yatufundisha zaidi: programu nyingi ziitumiazo huuliza na kungoja jibu mara nyingi kabla ya dirisha moja kufunguka. Haba na haba hujaza kibaba. Kukawia kudogo kukirudiwa mara mia huwa kukawia kukubwa.

Basi usikubali kuuziwa upana kuwa dawa ya kila ugonjwa. Uliza kwanza: kompyuta itendayo kazi iko umbali gani, na herufi huchukua muda gani kuonekana? Asiyeuliza hivyo atalipa mara mbili: kwa fedha siku ya kununua, na kwa wakati wake kila siku ya kazi.