AFYA YA JAMAA: Mgonjwa Asiyejijua



Waganga wa malale wanapofika katika kijiji cha mbali, ngoma hupigwa na watu hukusanyika mbele ya meza ya kupimia. Lakini karibu kila mara wako wengine wanaojihimiza kwenda mashambani asubuhi ile ile. Husema: «Mimi si mgonjwa, wanitafutie nini?» Leo twataka kujibu swali hilo, kwa maana ndani ya jibu lake mna uzima au mauti ya watu wengi.

Malale, yaani ugonjwa wa usingizi, huletwa na kijidudu kiishicho katika damu. Inzi wa tsetse, aitwaye pia mbung'o, humwuma mtu mwenye kijidudu hicho, kisha baada ya majuma kadhaa humwambukiza mwingine. Inzi huyo hupenda vivuli vya kando ya mito, tena huuma mchana: pale akina mama wachotapo maji, pale wavuvi wafungapo mitumbwi yao.

Kijidudu chaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata miaka, na mtu akaendelea kulima na kuvua. Huona homa ijayo na kuondoka, maumivu ya kichwa na ya viungo, pengine tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Baadaye kijidudu huingia katika ubongo. Hapo mtu husinzia mchana na kukesha usiku. Tabia yake hugeuka, hata jamaa zake hudhani amerogwa. Asipopata dawa, karibu daima hufa.

Mambo hayo hayakujulikana bila taabu. Mwaka 1901, katika nchi ya Gambia, mganga Mwingereza Joseph Everett Dutton alikitambua kijidudu hicho katika damu ya mtu. Mwaka 1903 alitumwa Kongo kuchunguza malale, pamoja na John Lancelot Todd, mganga wa Kanada. Walipanda mto wa Kongo mpaka Maniema, wakipima damu na kupapasa shingo za watu katika vijiji vingi. Waliona kwamba watu waliojihesabu wazima walikuwa na kijidudu katika damu yao. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu. Hakuuawa na malale, bali na homa ya papasi, tuitayo kimputu, ambayo nayo alikuwa akiichunguza.

Lakini tuseme kweli yote: hofu ya wazee wetu haikuwa ya bure. Katika miaka iliyofuata, serikali ya wakoloni iliwatenga wagonjwa kwa nguvu katika lazareti, mbali na jamaa zao. Dawa ya kwanza, iitwayo atoxyl, iliwapofusha wengi. Na melarsoprol, iliyotumiwa tangu mwaka 1949, iliponya wengi, lakini iliua karibu mgonjwa mmoja katika kila 20. Nani atashangaa kwamba watu walikimbilia msituni?

Leo njia ni nyingine. Mpimaji huomba tone la damu la kidoleni. Akiona dalili, hutazama damu au maji ya tezi kwa hadubini, ili akione kijidudu chenyewe. Tangu mwaka 2018 viko vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa hasa hapa Kongo chini ya uongozi wa mganga Mkongo, Victor Kande. Wagonjwa wengi huvimeza siku 10 pamoja na chakula, nao hupona. Walio katika hali mbaya hutibiwa hospitalini.

Basi hatari iko wapi? Iko katika kusahau. Karibu na mwaka 1960 malale yalikuwa karibu kwisha. Kisha upimaji ukalegea, vita na umaskini vikafunga njia, na mwaka 1998 wagonjwa wapya zaidi ya 26,000 walionekana katika Kongo peke yake. Kijidudu hakikutoka mbali: kilikuwa kimebaki ndani ya watu wachache ambao hakuna aliyewatafuta. Kazi ilianzwa tena kwa bidii, hata mwaka 2018 wagonjwa wapya hawakufika 1,000 katika Afrika nzima. Hapo ndipo watu huanza tena kusema: «Ya nini kupimwa?»

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika malale, anayejificha humwumbua na jirani yake, maana inzi haulizi jina la mtu.

Ninyi akina baba, siku ya kupimwa leteni nyumba yote, hata mtoto asiyelalamika na mzee asiyetoka nje. Ninyi wanafunzi, waelezeni wazazi wenu kwa heshima yale mnayojifunza darasani. Nanyi wapimaji, salimuni watu kwanza, waambieni mnachotafuta, msimlazimishe mtu: hofu ya zamani huondolewa kwa upole.

Yule Msamaria mwema alitoa mafuta, divai na fedha yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Sisi twaombwa tone moja la damu tu, kwa ajili ya watu tunaochota nao maji katika mto mmoja. Tusiwanyime.