Pole Pole Siyo Mwendo

Najua nimekuwa kimya. Kwa wale mliouliza kama nimechoka kuandika, jibu ni hapana. Nilikuwa najifunza kutembea.

Usicheke kwanza. Nina miaka 28, nina digrii ya sayansi ya tarakilishi, na miezi minne iliyopita nimeitumia kujifunza jambo ambalo mtoto wa mwaka mmoja na nusu hulifanya bila mwalimu. Leo hakuna habari za programu hapa, au zipo kidogo tu mwishoni. Leo ni miguu.

Sababu ni mama yangu. Mwezi wa tatu aliteleza jikoni kwake kule Mombasa, sakafu ikiwa na maji, akaanguka na kuvunjika mkono karibu na kiganja. Mkono umepona. Kilichobaki ni woga. Siku hizi anatembea akitazama chini, hatua fupi fupi, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Na woga huu una hesabu yake mbaya: anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea, anayepunguza kutembea miguu yake hudhoofika, na miguu iliyodhoofika ndiyo huanguka. Sisi tunaoandika programu tunakijua kitanzi cha namna hii, kile kinachozunguka bila mlango wa kutokea.

Basi nikaingia mtandaoni kutafuta mazoezi ya usawa wa mwili, nikakutana na "mwendo wa tai chi". Siku hizi matangazo yake yamejaa kwenye simu. Unaahidiwa kwamba ukitembea polepole sebuleni kwa wiki chache tumbo litapungua, magoti yatapona na usingizi utakuja wenyewe. Nikasema sawa, nitajifunza kwanza mimi, kisha nimfundishe mama. Nikafuata video moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilikwenda polepole kweli kweli, hata kinyonga angenipita.

Baada ya wiki mbili goti la kulia likaanza kuuma kwa ndani. Nikamwendea mtaalamu wa tiba ya viungo. Aliniambia nitembee hatua tatu mbele yake, akanisimamisha. "Unakwenda polepole," akasema, "lakini goti lako unalisokota kama nguo inayokamuliwa."

Hapo ndipo moyo uliponishtuka. Goti langu la miaka 28 litapona. Je, kama ningekuwa nimekwisha kumfundisha mama?

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yangu, na nitayatetea: katika mwendo wa tai chi, polepole siyo mwendo. Polepole ni chombo tu. Anayekufundisha kwenda polepole bila kukufundisha uzito wako uko wapi, hajakufundisha kitu, na huenda amekuumiza.

Tuanze na mwendo wetu wa kawaida. Ukitembea kwenda kituo cha matatu, kwa kweli unaanguka. Mwili unainama mbele, na mguu unakimbilia kuudaka. Kila hatua ni kuanguka kunakozuiwa. Kila mguu huwa chini takriban asilimia 60 ya muda wa mzunguko wa hatua, na hewani asilimia 40. Muda ambao nyayo zote mbili ziko chini kwa pamoja ni mfupi sana. Mwendo huu ni mzuri, hauchoshi, na hakuna haja ya kuubadilisha barabarani. Lakini una sharti moja: kisigino kinapogusa chini, uzito tayari uko njiani unakuja. Huwezi kuuambia urudi. Na kama pale kisigino kilipogusa pana maji, ndiyo basi tena.

Sasa tuangalie upande wa pili. Watu wengi husahau kwamba tai chi, kwa jina lake kamili taijiquan, ni sanaa ya kupigana. Tawi lake la zamani zaidi linalojulikana ni la ukoo wa Chen katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan nchini China, karne ya 17. Karne ya 19 Yang Luchan alijifunza huko na kuipeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu (1883–1936), ndiye aliyeeneza namna ile laini tunayoiona kwenye bustani. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mfululizo mfupi wa mikao 24 kwa ajili ya watu wote, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza taijiquan katika orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Kwa nini nawapa historia? Kwa sababu mpiganaji anaogopa kitu kimoja kila anapopiga hatua: kupigwa ngwala. Mguu wenye uzito ukifagiliwa, unaanguka. Mguu usio na uzito ukifagiliwa, umepoteza mguu kwa nukta moja tu, mwili umebaki umesimama. Ndiyo maana Yang Chengfu, katika mambo kumi aliyoyahesabu kuwa ya msingi, aliweka pia hili la kutofautisha mguu mtupu na mguu uliojaa. Mguu uliojaa ndio uliobeba mwili. Mguu mtupu haujabeba kitu. Unachungulia tu mbele kama paka anayegusa maji.

Na sakafu ya jikoni yenye maji ni nini, kama siyo mpiganaji anayekungojea akupige ngwala?

Nilipolielewa hilo nikaanza upya. Nikaazima mizani mbili za kupimia uzito, zile za mshale, kwa maana nyingi za tarakimu huganda kwenye namba moja. Nikaziweka sakafuni karibu na ukuta, mguu wa nyuma kwenye moja, kisigino cha mbele kwenye nyingine. Nina kilo 74. Nilikuwa naapa kwamba uzito wangu wote uko nyuma. Mizani ya mbele ikasoma kilo 19! Kisigino kimegusa tu, na robo ya mwili wangu ilikuwa imeshahama bila ruhusa yangu. Nilikuwa naanguka kama siku zote, ila kwa mwendo wa kobe.

(Jaribio hili ni la vijana wenye ukuta karibu. Usimpandishe mzee kwenye mizani mbili.)

Hatua yenyewe inakwenda hivi. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, utosi kana kwamba umevutwa juu kwa uzi. Geuza wayo wa kushoto nje kiasi cha nyuzi 45, kisha hamishia uzito wote hapo. Wote, siyo mwingi. Mguu wa kulia sasa ni mtupu. Kisigino chake kinainuka kwanza, halafu vidole. Upeleke mbele, ugusishe kisigino, na usimame hapo hapo. Jiulize: naweza kuurudisha mguu huu bila mwili kuyumba? Ukiweza, endelea. Usipoweza, hatua yako ni ndefu mno. Ifupishe, hata kama ni ya nusu wayo.

Ndipo ulaze wayo, na ndipo mguu wa nyuma usukume uzito mbele, mpaka takriban asilimia 70 iwe mbele na 30 nyuma. Kwangu mimi hiyo ni kama kilo 52 kwa 22, na mizani haidanganyi. Ili kupiga hatua ya pili, rudisha uzito nyuma, inua vidole vya mbele, geuza wayo nje kwa kisigino ukiwa mtupu, ulaze, kisha hamishia uzito wote mbele. Sasa mguu wa nyuma uko huru kuja. Wako walimu wa matawi mengine wasiorudisha uzito nyuma, nao wana sababu zao. Lakini kwa anayeanza, tena mwenye goti kama langu, nashauri arudishe.

Hilo la kugeuza wayo ukiwa mtupu ndilo lililoniumiza. Goti ni bawaba. Limeumbwa kukunja na kukunjua, kama mlango. Nyonga ni mchi ndani ya kinu. Huzunguka pande zote. Ukigeuza wayo huku umeukalia kwa kilo 50, kile kinachosokotwa ni bawaba. Kwa hiyo kugeuka kuanzie nyongani, na goti siku zote litazame kule vidole vya mguu huo vinakotazama, wala lisipite ncha zake.

Makosa mengine mawili niliyoyafanya, ili usiyarudie. La kwanza, nilikuwa naweka nyayo kwenye mstari mmoja kama mtu anayetembea juu ya kamba. Zinatakiwa ziende kama reli mbili, upana wa mabega ubaki kati yake; ukizibananisha unajinyima msingi wa kusimamia. La pili, nilijishusha chini sana kwa sababu kwenye video ilipendeza. Chini siyo ubora. Kunja magoti kiasi unachoweza kukidumisha bila kichwa kupanda na kushuka, basi.

Najua kuna atakayesema, "Bwana, unakuza mambo. Mtu akitembea polepole sebuleni si bora kuliko kukaa kwenye kochi?" Hoja hiyo ina uzito. Kwa anayetaka kunyoosha miguu tu, kutembea kwa kawaida kunatosha, na ni bure. Lakini mtu anayelipia tai chi kwa sababu ya kuanguka anataka kitu mahususi, na kitu hicho ndicho video nyingi zimekiacha.

Ushahidi upo, tena tuusome kwa uaminifu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalikusanya majaribio 108 ya watu zaidi ya 23,000 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Mazoezi ya usawa na ya kazi za kila siku yalipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 24, na ushahidi wake ni imara. Tai chi ilipata takriban asilimia 19, ila watafiti wenyewe waliuita ushahidi huo kuwa ni wa uhakika mdogo. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa 195 wa Parkinson. Waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walikuwa na usawa bora, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Angalia vizuri: wiki 24, tena darasani, mbele ya mwalimu anayeona goti lako. Tangazo la simu linachukua sifa ya darasa na kuibandika kwenye video isiyokuona.

Sasa ule upande wa programu nilioahidi. Programu ikikataa, tunaiendesha mstari kwa mstari. Polepole hiyo haijawahi kurekebisha kosa hata moja. Inakupa nafasi ya kuliona, KAMA unajua unatafuta nini. Anayebofya mstari kwa mstari bila kutazama thamani zinavyobadilika anapoteza mchana wake tu. Mwendo wa tai chi ni vivyo hivyo. Thamani ya kutazama ni moja: uzito uko wapi sasa hivi? Ukishaijua, unaweza kwenda kasi yoyote.

Kwa hiyo kama unatafuta mwalimu, wa ana kwa ana au wa video, mpe mtihani mdogo. Muulize mguu wa mbele una uzito kiasi gani kisigino kinapogusa. Akikujibu kwa habari za nishati na utulivu wa moyo, mshukuru, uondoke. Akikwambia simama hapo, sasa urudishe mguu, huyo mfuate.

Mwezi uliopita nilikwenda Mombasa. Mtaalamu wake alikuwa amekwisha kukubali ajaribu, mradi awe ameshika kitu. Nilimwonyesha kwanza mwenyewe, pale pale jikoni. Akanitazama hatua tatu nne, akauliza, "Unanyatia kuku wa nani, mwanangu?"

Kisha akashika ukingo wa meza ya jikoni, akapeleka mguu mbele, kisigino kikagusa. Nikamwambia, "Sasa urudishe, mama." Akakunja uso, akangoja kidogo, akaurudisha. Akaupeleka tena, akaurudisha tena. Alifanya hivyo hadi chai ikapoa, na safari hii hakuwa akitazama chini.

"Kumbe mguu waweza kurudi," akasema.

Bado anashika meza. Bado anaogopa, ila siyo kama mwezi wa tatu. Mimi nipo kwenye hatua kumi kwa siku, goti limetulia, na mizani ya mbele sasa inasoma kilo mbili kisigino kinapogusa. Nataka sufuri.

Haya, tukutane tena hapa. Na maji yakimwagika jikoni, yafuteni kwanza.