Rukhsa Tulizozikataa Mlimani

 

Tangu turejee Igalula kutoka Mlima Kilimanjaro, tumekuwa tukiulizwa swali moja msikitini, sokoni na stesheni: je, mlifika kileleni? Tulikwenda wanne. Wawili walifika na wawili hatukufika. Wiki hii tumeona ni wajibu wetu kueleza kwa nini, kwa sababu yaliyotukuta huko juu yanazihusu nyumba nyingi ambazo hazitaukaribia mlima ule maisha yao yote. Mwenzetu anayehusika ameisoma makala hii kabla ya kuchapwa na ameridhia ielezwe, ila jina lake tumelihifadhi.

Sote wanne tulisoma pamoja chuo cha Kiislamu. Mmoja wetu leo ni mwalimu wa madrasa, na ndiye mwenye nguvu kutuzidi sote. Hubeba gunia la mahindi peke yake na hucheza mpira na vijana wa nusu ya umri wake. Safari ilipopangwa, kamati ya msikiti iliona ipatikane faida ndani yake. Paa letu linahitaji bati mpya, hivyo waumini waliombwa kuahidi mchango kwa kila atakayefika kileleni. Daftari la ahadi tulilishika sisi, na sharti la kufika kileleni tuliliandika kwa mkono wetu wenyewe. Tutalirudia jambo hili.

Tulipanda treni hadi Dodoma, kisha basi hadi Moshi. Sisi ni watu wa uwanda. Nchi yetu ya Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na macho hayana pa kupanda. Hata hivyo milima si migeni katika masimulizi yetu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na misafara kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi, wakiikwea milima ya Usagara na pembe za ndovu, vitambaa au shanga mabegani, mzigo wa mtu mmoja ukifika kilo 30 hivi. Hizo ni fahari za kwetu. Ila upo upande wa pili wa habari hiyo ambao husimuliwa kwa uchache: aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa njiani. Mpagazi alijifunza kuyaficha maumivu yake ili asiachwe, na huenda tabia hiyo tumeirithi pamoja na fahari.

Njia tuliyoifuata ni ya Marangu. Siku ya kwanza hupita katika msitu mnene hadi Mandara, mita 2,720. Siku ya pili msitu huisha, yakabaki majani na vichaka, hadi Horombo, mita 3,720. Hapo tulikaa siku moja zaidi ili mwili uzoee hewa nyepesi. Katika siku hizo neno tulilolisikia kuliko yote ni “polepole”. Mizigo yetu ilibebwa na vijana wanaoitwa huko wagumu, ambao hupimiwa mizigo getini ili isizidi kilo 20, na ambao walitupita kila siku wakiwa na mabegi vichwani huku sisi tukihema.

Alfajiri ya Horombo maji ya ndoo yalikuwa yameshika utando wa barafu. Sharia imetuwekea wepesi mahali kama hapo. Mwenye kuvaa khufu, yaani viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo vya miguu, akiwa na udhu kamili, anaruhusiwa kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: mkaazi kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa siku tatu pamoja na nyusiku zake. Watatu tulifanya hivyo. Mwalimu alivua viatu, akaosha miguu yake hadi juu ya vifundo, akasema, “Babu zetu walipita Usagara na pembe begani. Rukhsa ni za wagonjwa.” Mmoja wetu akasema mashaallah, na sisi wengine tukacheka kwa kumstaajabia. Hakuna aliyemkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipaka maji juu ya khufu zake hali ya kuwa si mgonjwa.

Kutoka Horombo kwenda Kibo kuna mahali paitwapo Maji ya Mwisho. Baada ya hapo hakuna kijito. Maji yote ya kunywa na ya kupikia yanayotumika Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, hubebwa na wapagazi kutoka huko chini, kupitia jangwa la mawe na vumbi lililo baina ya kilele cha Kibo na kilele cha Mawenzi. Tulifika mchana. Kibla hapo, kama hapa kwetu, ni kaskazini kwa kuegemea mashariki kidogo. Ukisimama kuswali, Kibo iko kushotoni kwako na Mawenzi kuliani. Tuliyaona maji yale yakitua kutoka kichwani mwa kijana, nasi watatu tukapiga mikono yetu katika vumbi, tukatayamamu. Maji yakiwa ni machache na watu wanayahitaji kwa kunywa, tayamamu ndiyo mahali pake. Mwalimu aliomba kikombe, kisha cha pili, akatawadha. Kijana yule alimpa bila neno. Kiongozi wetu, mzee wa Kichagga asiye Mwislamu, alitazama tu, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, hayo ndiyo ya chai ya wote.”

Mwalimu ndiye aliyeswalisha. Tulikuwa tumekubaliana kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, lakini yeye alipendelea kutimiza rakaa nne, na kutimiza kunaruhusiwa, basi tukamfuata. Baada ya rakaa ya nne akasimama kwa ya tano. Tukasema subhanallah. Hakuelewa. Tukasema tena, ndipo akaketi. Tulidhani ni sahau ya kawaida, akasujudu sijda ya kusahau na yakaisha. Aliyeona zaidi yetu ni kijana wa maji. Alikuwa amesimama mlangoni, akaenda kwa kiongozi na kumwambia kwamba yule ustadhi kila akiinuka anayumba.

Jioni mwalimu hakula, akasema ameshiba. Kiongozi alipita kwa kila mmoja akiuliza hali ya kichwa na tumbo. Mwalimu alijibu alhamdulillah. Akaulizwa tena saa tano usiku tulipoamshwa kwa ajili ya kupanda, akajibu alhamdulillah. Neno la shukrani alilifanya pazia. Ndipo kiongozi alipochora mstari vumbini kwa fimbo, akamwambia autembee, kisigino mbele ya vidole, hatua kumi. Hatua ya tatu alikwenda upande kama mlevi, akashikwa asianguke.

Hapo ukweli ukatoka. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu usiku wa pili wa Horombo. Alikuwa ametapika mara mbili nyuma ya mawe na kufukia kwa kiatu ili tusione. Kiongozi akasema anashuka sasa hivi. Mwalimu alikataa, kisha akalia, na katika kulia kwake akasema maneno ambayo hatutayasahau: “Na daftari, je? Nitawaambia nini watu wa daftari?”

Ndugu msomaji, tulitamani vumbi lile litufunike. Hakuna aliyemlazimisha mwenzetu kuficha maradhi yake, lakini sisi ndio tuliofunga bati la msikiti katika mguu wake.

Yatupasa kueleza kidogo kilichokuwa kikitokea, kwa faida ya vijana watakaokwenda. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na kileleni, mita 5,895, ni kiasi cha nusu ya ule wa pwani. Mwili hupata oksijeni pungufu. Kwa wengi huanza na kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi, na mara nyingi mapumziko hutosha. Lakini mtu akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, ni dalili kwamba ubongo unavimba. Akikosa pumzi hali amekaa, au akakohoa mapovu, ni dalili kwamba mapafu yanajaa maji. Hali hizo huua, na dawa yake kubwa ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Nguvu za misuli hazimkingi mtu. Mwenye nguvu huenda akawa hatarini zaidi kwa sababu hupanda haraka na huona haya kusema.

Wenzetu wawili waliendelea na kiongozi msaidizi. Sisi tulishuka na mwalimu amelazwa katika machela yenye gurudumu moja, wapagazi wanne wakiishika na kijana wa maji akiwa mbele na taa. Walikimbia pale palipokimbilika na kuinua pale palipo na mawe. Mara mbili mwalimu alituuliza kama tumeshapita Itigi. Jua lilipochomoza tulikuwa Horombo, mita elfu moja chini, naye akafumbua macho, akaomba uji. Alasiri ya siku ile alitembea mwenyewe kwenda kutawadha, na kabla ya kuvaa viatu alituuliza kwa sauti ya chini: ile khufu, je, kwa msafiri ni siku tatu? Tukamwambia ndiyo.

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Amr ibn al-As (r.a.) aliongoza jeshi katika msafara wa Dhat al-Salasil. Usiku wa baridi kali akapatwa na janaba, akahofia kwamba akioga atakufa. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake Alfajiri. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.) alimwuliza, naye akatoa hoja ya aya ya 29 ya Surat an-Nisaa inayokataza watu kujiua. Mtume akacheka, wala hakumlaumu. Kinyume chake ni habari aliyoipokea Jabir (r.a.), iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini. Aliwauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alighadhibika na akalihesabu jambo lile kuwa wao ndio waliomuua, kwani hawakuuliza walipokuwa hawajui. Katika habari hizi mbili, aliyechukua wepesi hakulaumiwa, na walioufunga mlango wa wepesi walilaumiwa vikali. Ama hukumu za ndani, kama ile ya kuirudia swala ya aliyetayamamu kwa baridi, wanachuoni wana maelezo yake, na msomaji amwulize shekhe wake kabla hajasafiri.

Sasa tutazame majumbani mwetu. Ni nani kati yetu asiyemjua mzee mwenye kisukari anayefunga Ramadhani kwa siri ya daktari wake, na watoto wakamsifu kwa imani yake hadi siku anapoangukia chooni? Ni nani asiyemjua mama mwenye mimba changa anayetapika mchana kutwa na bado haoni uso wa kufungua mbele ya mawifi? Aya ya 184 na ya 185 za Surat al-Baqara zimempa mgonjwa na msafiri nafasi ya kula na kulipa siku nyingine, na wanachuoni wameeleza hukumu ya mjamzito, ya anyonyeshaye, na ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye hutoa fidia. Allah amewapa. Sisi jamaa zao ndio tunaowanyang'anya, kwa mashaallah zetu na kwa vicheko vyetu, kama tulivyofanya pale Horombo. Mwenye kuumwa hutazama nyuso kabla hajafungua mdomo. Akiona nyuso zinasubiri ushujaa, atasema alhamdulillah na kufukia matapishi kwa kiatu.

Tuliporudi, tuliwasomea waumini daftari baada ya swala ya Ijumaa na kueleza yote, pamoja na kosa letu la kuandika sharti lile. Baadhi walitoa kwa wote wanne. Baadhi walitoa kwa wawili waliofika tu, na hiyo ni haki yao, maana ndivyo walivyoahidi. Bati zilizopatikana zimefunika upande wa kibla, na upande wa nyuma bado unavuja. Katika daftari jipya hakuna safu ya sharti. Pana jina, kiasi, na tarehe.

Mwalimu naye amebadilisha jambo moja darasani kwake. Kabla ya somo huwauliza watoto ni nani anayeumwa, na akijibiwa alhamdulillah huuliza mara ya pili, taratibu, akimtazama mtoto usoni.

Twamwomba Allah atuwafikishe kuzipokea fadhila zake zote, za mkazo na za wepesi. Wabillahi tawfiq.