Ukoka wa Nyumbani na Ndoo Ishirini na Tano

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyosalia mbingu hufungwa. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mwenye nyumba katika mji huo, jioni ya kiangazi, ameshika mpira wa maji akinyunyizia nyasi za mbele ya baraza zisije zikapoteza ukijani wake. Asiye na mpira hutumia ndoo, na ndoo hiyo aghalabu hubebwa na mtoto aliyetoka shuleni.

Hesabu ya kazi hiyo si ngumu, na yafaa ifanywe ubaoni. Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Uwanja wa nyasi wenye mita 10 kila upande, ukipewa milimita 5 kwa siku, humeza lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Kwa juma moja ni ndoo 175. Na mji wenyewe umetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya bonde la Makutupora, ambavyo hujazwa na mvua ile ile haba.

Kosa si la nyasi. Ni la dhana kwamba uwanja mzuri hauna budi kuwa kijani miezi 12. Dhana hiyo ilikulia Uingereza, nchi inyeshewayo mvua kila mwezi, ikaletwa huku pamoja na nyumba za maofisa wa kikoloni. Maofisa waliondoka, mpira wa maji ukabaki.

Ajabu ni kwamba jani lifaalo kwa nchi kavu liko hapa hapa, nalo mkulima hulilaani kila msimu kwa kuwa halifi kwa jembe. Ni ukoka, ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon. Wamarekani wameupa jina la visiwa vya Bermuda, ingawa asili yake si huko. Mwaka 1960 kituo cha utafiti cha Tifton, katika jimbo la Georgia, kilitoa aina iitwayo Tifway, ambayo mzazi wake mmoja ni ukoka na wa pili ni nduguye wa Afrika Kusini. Hivyo wapenda gofu wa mbali hununua kwa fedha mtoto wa kile ambacho hapa hutupwa kwenye biwi la magugu.

Nguvu ya ukoka ina sababu mbili. Kwanza, kama mahindi, mtama na miwa, hunasa hewa ya ukaa kwa njia ya tindikali yenye kaboni nne. Njia hiyo huliwezesha jani kujitengenezea chakula huku vitundu vyake vya hewa vikiwa vimefunguka kidogo tu, na hivyo maji machache hupotea. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, uhai wake haumo katika majani. Umo katika mashina yatambaayo chini ya udongo, yenye vifundo viwezavyo kulala miezi kadhaa na kuchipua mvua irudipo. Ukoka uliogeuka kahawia mwezi Agosti haukufa, umelala. Kuumwagia maji kidogo kidogo kila jioni ni sawa na kumwamsha mtu usiku wa manane ili apewe tonge moja.

Tena maji hayo machache huloanisha sentimita chache za juu tu, na mizizi hubaki huko huko juu, ambako jua huikuta. Maji mengi ya mara moja kwa juma hushuka chini, nayo mizizi huyafuata. Apandaye, basi, apande vipande vyenye vifundo mvua zikisha kutulia, katika udongo uliolimwa na kutiwa samadi iliyooza. Akatapo, asiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa majani, na yaliyokatwa ayaache yaoze papo hapo. Chini ya mwarobaini asihangaike: ukoka haupendi kivuli, na hapo kokoto zatosha.

Wapo watakaosema kwamba ua wa udongo mtupu, uliofagiwa vizuri, ndio desturi, tena hauhitaji hata tone la maji. Hoja hii ina uzito, hasa kwa kuwa katika ua kama huo nyoka huonekana upesi. Lakini udongo mtupu hupeperushwa na upepo wa kiangazi, na unaosalia huchukuliwa na mvua za kwanza hadi makorongoni. Ukoka, hata ukiwa umelala, huushika udongo huo. Linalotakiwa kwa mwenye nyumba ni uvumilivu wa kutazama rangi ya kahawia kwa miezi michache.

Mwalimu wa biolojia asiyeridhika na maneno haya atenge, wakati wa kiangazi, vitalu viwili vya ukoka vya mita 1 ya mraba kila kimoja. Cha kwanza kipewe lita 3 kila siku. Cha pili kipewe lita 21 siku moja tu ya juma. Baada ya majuma 8 wanafunzi wachimbe ukingoni mwa kila kitalu, waoshe mizizi na kuipima kwa rula. Kisha vitalu vyote viwili vinyimwe maji, na iandikwe daftarini ni kipi kilichotangulia kunyauka, na kwa siku ngapi.