Baka Lisomwe Kabla ya Kupakwa Dawa

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Kwa mtu mzima hutandaa takribani mita za mraba 1.5 hadi 2. Hata hivyo, ndicho kiungo kinachotibiwa kwa wepesi mno. Mwenye maumivu ya kifua humtafuta daktari. Mwenye baka shavuni huenda duka la dawa, akarudi na krimu aliyosifiwa na jirani.

Ngozi ina tabaka tatu. Tabaka la nje, yaani epidemisi, lina seli zinazozaliwa chini na kusukumwa juu hadi kupukutika, safari ya karibu mwezi mmoja. Humo pia hutengenezwa melanini, rangi inayoikinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua. Tabaka la kati, demisi, hubeba mishipa ya damu, tezi za jasho na ncha za mishipa ya fahamu. Chini yake kuna mafuta yanayohifadhi joto. Kwa mpangilio huo ngozi huzuia vijidudu, hupoza mwili, hutengeneza vitamini D na huhisi. Kasoro ikitokea, huonekana juu kama kipele, lengelenge, gamba au baka.

Tatizo ni kwamba alama hizo hufanana. Baka la mviringo lenye kingo zilizoinuka na magamba huenda likawa fangasi, maarufu kwa jina la choa. Baka lililopauka, lisilowasha na lililopoteza hisia, huenda likawa ukoma. Krimu yenye steroidi kali hutuliza mwasho na wekundu, lakini haiui fangasi wala bakteria. Mgonjwa hudhani amepona, ilhali choa kinaenea na kingo zake kufifia hata mtaalamu ashindwe kukitambua kwa macho. Matumizi ya muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba na yenye michirizi. Kwa mwenye ukoma, hasara kubwa ni muda: bakteria huendelea kuharibu mishipa ya fahamu ya mikono, miguu na macho, na ulemavu huo haurudi nyuma. Inasikitisha, kwa kuwa dawa mseto za ukoma huponya kwa miezi 6 hadi 12, na tangu 1995 hutolewa bila malipo kupitia Shirika la Afya Duniani.

Watakuwapo watakaosema kwamba madaktari wa ngozi ni wachache. Ni kweli, lakini kugusa baka kwa ncha ya pamba huku mgonjwa amefumba macho hakuhitaji daktari bingwa wala mashine. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa matabibu kwa kazi hii tangu miaka ya 1990.

Kwa hiyo, krimu kali za steroidi ziuzwe kwa cheti cha daktari au tabibu pekee. Muuza dawa naye aulize kwanza: baka limeanza lini, linawasha, na likiguswa linahisi? Jibu la mwisho likiwa hapana, asiuze chochote. Amwelekeze mgonjwa zahanati siku hiyohiyo.